Breki ya Mwalimu

Mimi hufundisha watu kuendesha gari. Yaani nilikuwa nafundisha, mpaka kipimo kilipoonyesha mshipa umevimba kama puto ndani ya kichwa changu, ila haujapasuka. Daktari alipitisha kijibomba kwenye mshipa wa paja mpaka huko juu, akalijaza lile puto nyuzi laini za chuma. Nikapona. Walioshindwa kupona ni watu wa nyumbani.

Nikipiga chafya, mume wangu anaruka kitini. Nikiinama kuokota sufuria, binti yangu anapiga yowe. Sikatai, alasiri huchoka na majina ya watu hunitoroka, lakini kuchoka si kufa. Nilitaka kazi yangu, basi. Siku ya kliniki ndiyo ningepewa ruhusa au ningenyimwa, na Baba Watoto alikuwa amejiapiza ninyimwe.

"Nitamwambia daktari kila kitu," alisema tukipanda gari langu la kufundishia. "Hata ile siku uliyotia chumvi kwenye chai."

"Chai yenyewe ilikuwa yako. Nilitia makusudi."

Akaendesha kwa mkono mmoja, wa pili kanishika bega, macho usoni pangu.

"Unasikia kizunguzungu?"

"Tazama mbele."

"Mbona umepauka?"

"Mzee, mkokoteni!"

Hakuuona. Mimi nilikuwa nimeshakanyaga. Gari la kufundishia lina breki mbili, na ya pili iko miguuni pa mwalimu, alisahau. Tukasimama shubiri moja tu kutoka kwenye nyanya za watu.

"Baba, hiyo leseni uliiokota?" mwenye mkokoteni akafoka.

Mume wangu akapapasa breki yake. "Limesimama lenyewe!" Kisha akauona mguu wangu, bado umekanyaga. Akashika usukani kwa mikono miwili mpaka kliniki.

Daktari akatazama picha za kichwa. "Nzuri sana. Na maisha je, mama? Usingizi, kumbukumbu, woga?"

Mume wangu alishafungua mdomo. Nikamwahi.

"Alasiri nachoka. Majina yananipotea. Woga sina, wote kauchukua huyu."

Daktari akamgeukia. "Wewe unamwonaje, baba?"

Neno moja tu lake, na ningerudi kukaa kitandani kama mto.

Akajikuna goti. "Mimi… sikuuona mkokoteni, daktari. Yeye aliuona."

"Mkokoteni gani?"

Akasimulia yote, hadi nyanya. Daktari akacheka mpaka akavua miwani, kisha akaandika ruhusa: asubuhi tu, mwanafunzi mmoja kwa siku, nikichoka niache.

"Nimeshampata wa kwanza," nikasema, nikimtazama mume wangu.

"Mimi? Nimeanza kuendesha kabla sijakuoa!"

"Ndiyo maana una tabia mbaya nyingi. Kesho asubuhi, na uje na viatu. Kwenye gari langu hatuendeshi na ndala."