Dua ya Mara Arobaini

Mama Sabuni hakuwa na saa jikoni. Alipochanganya mafuta na magadi alikoroga huku akimwombea marehemu mama yake: Mola umrehemu, umpe pumziko. Mara arobaini, si pungufu, ndipo sabuni ilipoanza kuganda. Ndivyo mama mwenyewe alivyomfundisha, enzi hizo akimwombea bibi.

Marehemu alikuja kila alasiri kuisikiliza dua yake. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akangoja ya arobaini, akaaga.

Kiwanda cha ng'ambo ya barabara kilipomletea mkataba wa leseni ya kutengeneza sabuni yake, Mama Sabuni alidhani leseni ni kuazima, kama mtu aazimavyo sufuria: akimaliza hurudisha. Akawaeleza yote, nao wakaandika yote, hata dua. Mkataba ulipokwisha akawasha jiko lake. Wiki hiyo hiyo mahakama ikatoa zuio: asitengeneze, asifundishe, wala asitamke siri ya biashara iliyotajwa kwenye kiambatisho.

Dalali wa mahakama alibandika karatasi mlangoni saa sita mchana. Alasiri, Mama Sabuni alipofungua kinywa kuomba, lilitoka povu. Akalifuta kwa upindo wa nguo, akajaribu tena. Povu.

"Mbona kimya, mwanangu?" marehemu akauliza. "Umenichoka?"

Kesho yake Mama Sabuni akaenda mahakamani, akaeleza kuwa hataki sabuni, anataka kumwombea mama yake tu. Karani akapekua faili taratibu. Dua ilikuwa kipengele cha saba.

"Na marehemu atapewa nakala yake, mama," akasema, "asije akasema hakuambiwa."

Marehemu akaletewa nakala, akatia dole gumba.

Wiki mbili alikuja akaketi bure, akizidi kukonda, mpaka ukuta ukaonekana kupitia kifua chake. Kisha siku moja hakuja. Mama Sabuni akatoka kumtafuta. Kiwandani walikuwa wameirekodi dua, na spika ilikuwa ikilisomea pipa kwa sauti ya mwanamume mwenye haraka zake. Marehemu alisimama getini, sikio kwenye bati.

"Anaruka maneno," akasema, "lakini ndiyo iliyopo."

Mama Sabuni akarudi kumchukulia ndoo yake. Mlinzi hakuwafukuza. Aliwaandika wote wawili kwenye daftari la wageni, na penye sababu ya kuja akajaza: wateja.