Faili Alilolifuta Filomena

Filomena hakuwa mjinga, na anayebisha aje kwanza alime kwenye miteremko ya Mgeta aone. Alifuta faili moja, akabakiza folda moja, na kwa akili zote alizorithi kwa mama yake alifanya sawasawa. Msiba ulianzia hapo.

Mumewe, Agustino, alipigwa na kiharusi mwaka juzi, siku ya kupakia kabichi kwenye lori. Mguu ulirudi kidogo, ulimi haukurudi. Mtu aliyekuwa akimwita mkewe kutoka ng'ambo ya bonde hadi mbuzi wa jirani wanainua vichwa, akabaki na "aa" moja tu, na machozi. Kwa miezi minne nyumba ile ilikaa kama imefiwa.

Aliyewaokoa ni Ezekiel, mtoto wa dada yake Filomena, anayesoma mambo ya kompyuta Mzumbe. Alizichukua meseji za sauti ambazo Agustino alimtumia mkewe enzi za safari za kupeleka mboga Dar, akazikatakata, neno hapa, sentensi pale, akatengeneza programu ya simu. Skrini ilijaa picha: kikombe, kitanda, jua, uso wa Filomena. Agustino akigusa kikombe, simu inasema kwa sauti yake mwenyewe, "Naomba maji." Akigusa uso wa mkewe, inaita, "Filo! Filo wangu, uko wapi?" Huo aliugusa mara ishirini kwa siku, hata mke akiwa amekaa ubavuni pake. Filomena aliitika kila mara, na kila mara moyo ulimruka kama msichana.

Kabla ya kurudi chuoni, Ezekiel alimwachia kadi ndogo ya kumbukumbu yenye vitu viwili.

"Mama mdogo, hili faili kubwa ni programu iliyokamilika. Ni chakula kilichoiva, unakiweka kwenye simu kinafanya kazi papo hapo. Hii folda ndogo ni msimbo, yale maandishi niliyoyaandika mimi, ndiyo yanayozaa programu. Hii ni mbegu. Vitunze vyote."

Laiti angetafuta mfano mwingine! Kule Mgeta mbegu za maharage hukaa juu ya jiko, zipate moshi, na hata njaa ikiingia watoto watalala na uji mwepesi, mbegu haiguswi. Chakula huliwa kikaisha. Kwa hiyo Pasaka ilipokaribia, Filomena akataka kumwekea mumewe nyimbo za kwaya, simu ikamwambia kadi imejaa. Alivitazama vile vitu viwili. Programu si ilikuwa tayari ndani ya simu, inamwita kutwa? Akafuta chakula, akabakiza mbegu, tena akajisifu moyoni.

Mwezi wa sita simu ilimponyoka Agustino, ikatumbukia kwenye mfereji wa kumwagilia. Kadi ilipona. Simu haikupona, na meseji zote za zamani zilikuwa humo humo.

Filomena hakutoa hata chozi. Alinunua simu nyingine, akamwambia mumewe, "Vumilia, kesho kutwa utaongea." Alfajiri akapanda lori la mboga hadi Sangasanga, akaingia Mzumbe na viatu vyenye udongo mwekundu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mbegu yako. Ioteshe."

Ezekiel alichomeka kadi kwenye kompyuta, akafungua folda, akasita. "Lile faili kubwa liko wapi?"

"Nililifuta. Si ulisema ni chakula?"

Kijana alijifuta uso kwa viganja vyote viwili. Filomena alisogea kwenye skrini. Kulikuwa na mistari mingi asiyoijua, ila katikati yake aliona maneno anayoyasoma vizuri: naomba maji, nimechoka, Filo uko wapi.

"Si haya hapa maneno yake?"

"Ni majina tu, mama mdogo. Maandishi yanaiamuru simu: hapa, cheza sauti iitwayo Filo uko wapi. Sauti yenyewe haimo. Sauti zilikuwa nzito, niliziingiza mwishoni, kwenye lile kubwa peke yake."

"Na wewe hukubaki nazo?"

"Kompyuta yangu ya zamani iliungua mwezi wa pili. Sikuhangaika, nilijua unazo. Programu nitaijenga upya sasa hivi, saa moja haiishi. Lakini sauti ya baba mdogo siwezi kuitoa kwenye maandishi. Kosa ni langu, sikukueleza vizuri."

Filomena alimwomba atazame tena. Kijana alifungua faili moja baada ya jingine mpaka la mwisho, kwa kuwa hakuwa na moyo wa kumkatalia. Halafu akasema kwa woga kwamba angeweza kurekodi maneno yale kwa sauti yake yeye.

"Hapana," Filomena alisema. "Nyumbani kwangu haniiti mwanamume mwingine."

Hapo ndipo alipolia, tena kwa sauti, wanafunzi wakipita dirishani na madaftari yao.

Kesho yake mchana alifika nyumbani. Njia nzima alitafuta namna ya kumwambia mumewe, akaikosa. Agustino alikuwa kibarazani amevaa shati safi, amenyolewa ndevu na jirani, mkono ulio mzima ameunyoosha tayari. Filomena akampa simu.

Programu ilifunguka, picha zote zipo mahali pake. Agustino akatabasamu kwa upande mmoja wa uso. Akagusa uso wa mkewe.

Kimya.

Akagusa tena. Akapandisha sauti hadi mwisho, akagusa mara ya tatu, akaiweka simu sikioni mwake. Kisha akaisogeza sikioni mwa Filomena.

"Abee, mume wangu," Filomena aliitika. "Nimesikia. Nipo hapa."

Agustino alimtazama. Kiharusi kilichukua ulimi, masikio hakikuyagusa. Aliilaza simu kifudifudi kwenye mkeka, akageukia ukuta.