Kitambaa Cheusi Chini ya Kamanda

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Asubuhi kulikuwa na manyunyu mepesi yasiyolowesha wala kukatika, na ukungu ulikuwa umekalia mabati ya majirani. Nilipomaliza sala nilichukua mkasi, sindano na uzi mweusi, nikaenda kwenye banda la sinema la shemeji yangu kufanya jambo nililoliombea siku arobaini.

Shemeji huyu ni mdogo wa marehemu mume wangu. Watu wote humwita Profesa. Banda lake lina viti themanini vya plastiki, projekta moja, na shuka pana jeupe ukutani. Sinema anazoonyesha ni za kigeni, zina maandishi ya Kiswahili chini ya picha, lakini bandani mle hakuna aliyewahi kuyaona. Miaka kumi na miwili iliyopita Profesa aliniletea kitambaa kizito cheusi, kwa kuwa mimi ni fundi cherehani, akaniagiza nikishone chini ya shuka, pale pale maandishi yanapopita.

"Yanachosha macho ya watu, shemeji," alisema. "Mimi nitawasimulia."

Nikashona. Wakati huo herufi na sisimizi kwangu vilikuwa kitu kimoja.

Na kusimulia anajua, nisimnyime haki yake. Hushika kipaza sauti, akamsemea kila mtu kwenye picha, mzee kwa mtoto. Sinema iliyopendwa kuliko zote ni ile ya vita vya mwezini, sehemu tatu, yenye meli za angani na adui mmoja anayeitwa Kamanda. Kabla Kamanda hajachoma mji, husimama dirishani peke yake, midomo ikicheza, na Profesa humsemea: "Sina mama! Sina baba! Dunia ilinitupa, nami nitaitupa!" Banda zima huitikia naye. Kinyozi wa kona ameyasikia mara nyingi hata huyasema akimnyoa mtu.

Mwaka huu ikaja sehemu mpya, inayorudi nyuma kueleza utoto wa Kamanda. Humo Kamanda ana mama. Mama anamwosha miguu, mama anakimbilia meli na kifurushi cha chakula mkononi. Taa zilipowashwa, banda lilichemka.

"Mama katoka wapi?" fundi baiskeli alisimama juu ya kiti. "Yatima ana mama?"

"Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia!" alisema kinyozi.

"Mimi nimemlilia yule mtoto miaka kumi," muuza nyanya alisema, na kweli macho yalimjaa. "Kumbe alikuwa anafungiwa chakula, mwanangu mwenyewe hana!"

Profesa akatikisa kichwa kama mganga aliyekata tamaa. "Watengenezaji hawa wameishiwa. Hata hadithi yao wenyewe hawaijui."

Mimi nilijua kitu. Nilikuwa na mwaka wa pili katika darasa la jioni. Mwalimu wetu hufundisha kwa sinema: anazima sauti, anatuachia maandishi, na sisi watu wazima tunasoma kwa zamu, mstari kwa mstari. Wiki iliyotangulia alikuwa ameweka ile sehemu ya kwanza, na zamu yangu iliangukia Kamanda akiwa dirishani. Nilisoma maneno yale mara tatu nikidhani macho yangu yana kosa.

Basi nikasimama, nikasema kwa adabu, "Profesa, hata katika ile ya zamani Kamanda ana mama. Imeandikwa."

Alinitazama, kisha akawatazama watu. Akatabasamu.

"Shemeji, juzi tu hapa ulikuwa unatia dole gumba kwenye karatasi za mazishi ya kaka yangu. Leo unatusomea mambo ya mwezini?"

Banda likaangua kicheko. Binti yangu, ambaye ni msusi na alikuwa ameketi safu ya nyuma na wenzake, naye alicheka. Aliziba mdomo, lakini mabega niliyaona.

Kesho yake mteja akaniita mlangoni: "Dole Gumba! Suruali yangu tayari?" Jina likashika kama gundi. Nikipita sokoni, Dole Gumba. Nikitoka ibadani, Dole Gumba. Siku niliyotia dole lile nilikuwa nimefiwa, na wino ulikaa kidoleni siku tatu.

Najua tumeambiwa kisasi tumwachie Mungu. Nilipiga magoti nikamweleza yote, nikamwomba aniazime hicho kisasi kwa mchana mmoja tu. Siku arobaini sikusikia ndiyo wala hapana. Nikahesabu kwamba asiyekatazwa ameruhusiwa.

Nikamwendea Profesa. "Waonyeshe tena ile ya kwanza," nikamwambia, "watu wahakikishe nani mwongo, mimi au wewe." Alikubali kwa furaha, akatangaza mtaa mzima. Asubuhi ile ya manyunyu nilimwambia kitambaa cha shuka kimeanza kuchanika, nikirekebishe kabla watu hawajaja. Akanifungulia, akaenda zake kunywa chai.

Nilifumua mishono yangu ya miaka kumi na miwili. Kisha nikakishikiza kitambaa kwa mshono mrefu mlegevu, wa uzi mmoja, ule ambao ukivuta ncha wote unatoka. Ncha niliishusha ukutani hadi kiti cha mbele.

Saa nane mchana viti themanini havikutosha. Milango ikafungwa, kukawa giza. Nilikaa mbele, uzi nimeuzungusha kwenye dole gumba.

Kamanda akaja dirishani. Profesa akavuta pumzi, na watu wakavuta pamoja naye.

"Sina mama! Sina—"

Nikavuta.

Kitambaa kikaanguka chini kama ngozi iliyochunwa, na maandishi yakatokea meupe, makubwa. Nikasimama. Nilisoma polepole, kama tunavyofundishwa, bila kuruka neno.

"Mwambieni mama yangu nimekula. Mwambieni asinisubiri."

Mtu wa projekta aliisimamisha picha. Wenye kujua kusoma wakaanza kunong'ona maneno yale yale, mmoja, watano, ishirini.

"Imeandikwa kweli," alisema fundi baiskeli. "Mama yangu wee!"

"Endesha kidogo," nikamwambia mtu wa projekta. Mstari mwingine ukatokea. "Simamisha. Profesa, huo utusomee wewe. Mimi ni Dole Gumba tu."

Profesa alijipapasa mifukoni. "Miwani yangu sijui nimeiacha wapi."

"Iko kichwani, Profesa," alisema kinyozi.

Hakuna aliyecheka. Akaishusha machoni. Akautazama ukuta kwa muda mrefu, na midomo yake ikacheza bila sauti kama ya Kamanda. Mimi nilijua anachokiona kwenye shuka. Ni sisimizi.

"Miaka kumi na miwili!" muuza nyanya alilia. "Tumewatukana watengenezaji wa watu bure! Yatima ulimzaa wewe!"

Kiti kikarushwa. Profesa akaja karibu yangu, jasho likimtoka, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, ungeniambia nyumbani."

"Na wewe ungenichekea nyumbani."

Binti yangu alikuwa amefika mbele, akanishika mkono wa gauni. "Mama, inatosha. Ni baba mdogo."

Nilimtazama yule mwanaume aliyekunjamana, nikatafuta huruma moyoni. Nilitafuta kweli, Mungu ni shahidi. Nikakuta jina tu, lile alilonipa.

Nikapanda juu ya kiti, nikanyoosha dole gumba langu, uzi mweusi ukining'inia, watu wote wakaliona.

"Sikilizeni ninyi nyote mliokuwepo siku ile mkacheka. Naahidi mbele yenu na mbele za Mungu: kila Jumamosi nitakaa kiti hiki. Kila neno atakalosema Profesa nitalilinganisha na lililoandikwa, na akipotosha moja nitasimama nilisome la kweli, mpaka aache kazi hii au ajifunze kusoma. Na kitambaa kile, mkono huu haukishoni tena."