Siri Aliyobebeshwa Loveness

Jamani, pale Uru, Moshi, watu walimcheka Kornel hata kabla hajaoa. Mtoto wa Mama Priska, yule mama anayesali rozari huku anakamua ng'ombe, anaenda kumuoa Mmormoni! Wengine hata hawakujua hilo ni dhehebu gani. Walichojua ni kwamba Violet alibatizwa Dar alipokuwa akiishi kwa dada yake, na kwamba hanywi mbege, ile pombe yetu ya ndizi, hanywi chai ya majani, hanywi kahawa. Kahawa! Na anaolewa katikati ya mibuni!

"Wifi," Gladys, dada yake Kornel, alimchokoza siku moja wakiwa shambani, "unapaliliaje kitu usichokunywa?"

"Wewe mbona unakata majani ya ng'ombe kila siku," Violet akamjibu bila hata kuinua kichwa, "na huyali?"

Gladys alicheka mpaka akakaa chini. Kuanzia hapo Violet akawa mtu wa nyumbani.

Kitu kimoja tu ndicho Violet alichomuomba Kornel kabla hawajaenda kufunga ndoa bomani. Kwao mtoto habatizwi akiwa mchanga. Anangojewa afike miaka minane, ajue anachofanya, ndipo aingie majini mwenyewe. "Watoto wetu tuwaache mpaka umri huo," alisema. "Akichagua kwenu, sawa. Akichagua kwetu, sawa. Ila achague mwenyewe." Kornel akasema sawa, na siku ile alimaanisha kabisa.

Loveness akazaliwa. Alikuwa na miezi mitatu malaria ilipomwangusha Violet, akalazwa hospitali mjini wiki mbili. Mtoto akabaki kwa bibi yake, akinyweshwa maziwa ya ng'ombe. Siku ya tano homa ikampanda mtoto, akakakamaa, macho yakageuka juu. Wee! Mama Priska alimfunga mgongoni akasimama mlangoni.

"Kornel, twende kwa Padre."

"Mama, twende hospitali kwanza."

"Kwa Padre ni njiani, tutapita kwake kwanza. Mtoto hawezi kufia kwenye kihamba changu, shamba la ukoo, bila ubatizo. Unataka nikamwambie nini babu yako huko aliko?"

Wakapita. Kornel ndiye aliyemshika mtoto maji yakimwagwa kichwani. Hospitali mtoto akatundikiwa dripu, siku mbili akawa anacheka. Mama Priska akasema ni ubatizo, daktari akasema ni dripu. Kornel yeye akamwomba mama yake amwachie hilo neno, akajiambia, nitamweleza Violet akishapona.

Violet akapona. Kornel akasema, ngoja apate nguvu. Akapata nguvu. Akasema, ngoja tuvune. Wakavuna. Halafu bei ya kahawa ikaanguka, watu wakaanza kung'oa mibuni na kupanda nyanya, nyumba ikawa na mawazo mengine, akasema sio sasa. Mwaka ukaisha hivyo. Basi na mingine ikapita hivyo hivyo, na kila mwaka neno lilizidi kuwa zito mdomoni. Jumapili yeye alikwenda misa na mama yake, Violet alibaki na mtoto nyumbani, wakaimba nyimbo zao wawili tu, maana huko Moshi Violet hakuwa na mwingine wa kusali naye.

Mwaka 2003 Loveness akatimiza miaka minane. Alishachagua zamani. Alitaka maji ya mama yake. Violet akamshonea gauni jeupe, akaandika barua Dar, ikaletwa karatasi ya ruhusa ya baba. Kornel akaisaini. Aisee, kalamu ilikuwa mkononi, Violet kakaa mbele yake anatabasamu, angesema hapo hapo! Akasaini tu.

Wiki moja kabla ya safari ya Dar, Loveness alimkuta baba yake bandani anawatupia ng'ombe migomba.

"Baba, eti mimi nilishabatizwa? Bibi ameniambia tulipokuwa tunamenya ndizi."

Kornel akaweka panga chini. Angeweza kumwita Violet, alikuwa hatua ishirini tu kutoka pale, anaanua nguo. Badala yake akachuchumaa, akamshika mtoto mabega.

"Ni kweli, mama. Ulikuwa unaumwa. Ila usimwambie mama yako, sawa? Atalia."

"Sawa," Loveness akasema. Hakucheza tena jioni ile.

Kanisani Dar wakapokelewa vizuri sana. Kornel akakalishwa mstari wa mbele. Bwana mmoja mwenye nguo nyeupe akatangulia kwenye kisima cha ubatizo, maji yakamfika kiunoni, akanyoosha mkono. Violet alikuwa pembeni na taulo. Loveness akashuka ngazi ya kwanza, ya pili, akasimama.

"Njoo mwanangu, maji hayana baridi," yule bwana akasema.

"Siwezi."

"Unaogopa?"

"Siogopi. Mama alinifundisha nisiingie majini na uongo." Sasa alikuwa analia. "Mimi nilishabatizwa kwa Padre. Baba alisema nisimwambie mama."

Violet hakumtazama mumewe. Alishuka ngazi na viatu vyake, akamfunga mtoto taulo, ingawa mtoto hakuwa amelowa hata magoti.

Kwenye basi la kurudi Violet alikaa kiti cha mbali. Walipofika Korogwe, abiria wakishuka kula, ndipo alipozungumza.

"Baba Loveness, ungeniambia nilipotoka hospitali, ningelia siku moja nikanyamaza. Mtoto wangu yuko hai, ningekosaje kushukuru? Hata mama yako ningemshukuru." Akafuta macho. "Sasa mtoto amelia mbele ya watu kwa kosa ambalo si lake."

Asubuhi baada ya kufika, Kornel alifanya wanachofanya Wachagga neno linapowashinda. Alikata jani la isale mpakani mwa kihamba, akalifunga fundo, akampelekea mkewe kwa mikono miwili. Isale halikataliwi, ukipewa, lazima usamehe. Violet akalipokea.

"Nimesamehe. Lakini kakate lingine."

"La nani?"

"Unamjua."

Akakata la pili. Loveness alikuwa nyuma ya jiko, amekaa juu ya gogo. Gauni jeupe alikuwa amelikunja mwenyewe na kulirudisha kwenye mfuko wa nailoni. Kornel akapiga magoti, akampa jani, akamweleza maana yake, akasema baba amekosa.

Mtoto akaligeuza geuza jani.

"Na hili je," akauliza taratibu, "nalo nisimwambie nani?"

Kornel alitaka kusema mwambie yeyote, mwambie kila mtu, nenda kalipigie kelele mpaka kwa bibi. Lakini mtoto alishamwangalia usoni namna ambayo hakuwahi kumwangalia, kama mtu anayepima kibuyu kwanza kama kinavuja, na baba akajua kwamba lolote atakalosema sasa litapimwa hivyo hivyo.

"Mwambie mama," akasema.

"Nitamuuliza kwanza kama ni kweli," Loveness akasema, akainuka na jani lake, akaenda ndani.