Patron ya Karatasi

Katika rasimu ya tasnifu yake kuhusu Malaysia, Mauwa alikuwa ameorodhesha tiba kumi na moja. Swali lilikuwa moja: nchi iliyoinuka kwa kuunganisha vifaa vilivyobuniwa na wengine itafanyaje isikwame katikati, mishahara ikiwa juu kuliko ya nchi maskini na ujuzi chini ya ule wa matajiri? Profesa alirudisha sura ya mwisho na maneno machache ya wino: "Ipi ya kwanza? Bila jibu, hakuna utetezi mwezi Juni." Kibali chake cha mwanafunzi kilikuwa kinaisha Septemba. Mwaka mwingine haukuwepo.

Jumamosi hiyo ya Mei 2013, shangazi yake Pétronille, mshonaji mwenye duka kwenye barabara ya Chaussée de Wavre, Brussels, alimwita amsaidie kushona pindo. Mezani kulikuwa na lundo la mikono na migongo ya magauni, tayari imekatwa, imeletwa na duka moja la mitindo.

"Tantine, unashona muzuri kupita bote. Juu ya nini haupandishe bei?"

"Nikipandisha, wanapeleka kazi kwa bale bashonaji ba Anderlecht. Bale beko moins cher, bei yabo iko chini."

"Alors, shona robe zako mwenyewe, magauni ya kuuza weye."

"Na nini? Sina patron."

Mauwa alicheka. "Patron, bosi wa hapa, si ni weye?"

"Patron ya karatasi, mademoiselle! Ile ya kukatia kitambaa. Université yote ile, na haujue patron?"

Mauwa aliweka sindano chini. Akatazama kiti kitupu cha Thérèse, mfanyakazi pekee wa shangazi yake.

"Na Thérèse?"

"Iko ku cours. Kila samedi sawa leo, miaka mbili sasa, anajifunza kuchora patron. Miye nalipa, na kazi yake nafanya miye. Ulizani nilikuita juu nilikukumbuka?" Pétronille akaonyesha gauni la buluu dirishani. "Ile ni yake. Ile, hakuna mutu wa kunipangia bei."

Mshonaji mmoja si takwimu, na Mauwa alilijua hilo. Kwa wiki mbili alirudi kwenye majedwali yake, akitafuta viwanda vilivyokubali kupunguza uzalishaji ili wahandisi wao wajifunze kubuni. Katika elektroniki hoja ilisimama. Katika bidhaa za mpira na samani ilichechemea, naye akaandika hivyo hivyo. Kisha akafuta tiba kumi. Ilibaki moja: serikali ibebe sehemu ya gharama ya muda wa kujifunza kubuni, kabla ya kujenga kiwanda kingine cha kuunganisha.

Profesa aliisoma sura mpya, akajibu kwa tarehe ya utetezi tu: 18 Juni.

"Félicitations, hongera," alisema Pétronille. "Robe ya siku ile, Thérèse atakukatia."

"Asante, tantine! Zawadi?"

"Zawadi gani? Patron ni yake. Bei utamuuliza yeye."