Mama Karudi Kutoka Tanga

Judith alipokuja Mlali mwezi wa tisa kumchukua mama yao kwa matembezi, Veronika alikuwa ameshafunga begi lake na kumwomba jirani amwangalizie nyanya shambani. Kwenye simu dada yake alisema, "Tutakwenda sote." Lakini kwenye kiti cha nyuma cha gari alikuwa ameketi mwanamke mwingine, miwani ya jua usoni.

"Vero, usinune," Judith alisema, akimvuta pembeni. "Yule Shakila, rafiki yangu wa Dar, ndiye aliyetupatia punguzo la hoteli. Halafu nani atabaki na ng'ombe?"

"Hatuna ng'ombe, dada."

"Basi hao mbuzi."

Mama yao alikuwa ameshakaa mbele, anahangaika na mkanda. Hakuuliza kitu. Veronika alimwekea mto chini ya nyonga, ile iliyovunjika mwaka aliolazimika kuacha kazi ya kiwandani Kihonda na kurudi nyumbani kumuuguza, akafunga mlango wa gari.

Walianzia Dodoma, kwenye mashamba ya zabibu, kisha wakageuka kwenda pwani: Bagamoyo, Pangani, Tanga. Judith alituma picha kila siku. Katika moja, mama alikuwa na sahani ya kuku wa kuchoma, na nyuma yake ilionekana milima ya Uluguru. Veronika aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Walikuwa wamepita Morogoro mjini, wakala chakula cha mchana, wakaendelea na safari. Kukata kona kuja Mlali hawakutaka.

Mama alirudi amenawiri na mdomo umefunguka. Majirani walijaa uani kumsikiliza.

"Divai ile anayokunywa padre peke yake, mimi nilijaziwa glasi," aliwaambia. "Na kamba! Wakubwa hivi, wamelala kwenye nazi. Mwanangu alikuwa ananimenyea mmoja mmoja."

"Mama Judith, umebarikiwa mtoto," wakasema. Kijiji kizima kilimwita hivyo, kwa jina la mzaliwa wa kwanza.

Veronika alikuwa akipitisha chai.

Majirani walipochoka, hadithi zilihamia mezani. Mama alisukuma kisamvu pembeni. Ugali ulikuwa mgumu, chai ilikuwa maji, kitanda kilikuwa na mabonde. Jioni moja Veronika alikuwa amepiga magoti akimchua nyonga kwa dawa, mama akasema, "Nipeleke kwa Judith nikaishi huko. Yule ndiye ana moyo wa mtoto."

Veronika aliendelea kuchua mpaka dawa ikakauka mikononi. Kisha akajifuta, akachukua simu, akabonyeza spika na kuiweka kitandani kati yao.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, Vero. Kwema?"

"Kwema. Mama anataka kuhamia kwako."

Judith akacheka. "Kuhamia? Vero, safari ile tu niliona cha moto. Mara maji, mara choo, mara mguu. Shakila alihama chumba kwa harufu ya mkojo. Nimlete humu ndani, Wilfred atanielewa? Mume wangu hata dada zake hawataki wakilala siku mbili. Mzuge tu, mwambie tunakarabati nyumba. Si nimeshamtembeza? Picha anazo."

Kidole cha Veronika kilikuwa juu ya kioo tangu neno la kwanza. Angeweza kukata. Aliacha mpaka dada yake akaaga mwenyewe.

Mama alikuwa anatazama ukutani. Alivuta kanga akafunika miguu.

"Kumbe," alisema.

Kwa wiki nzima Veronika alikuwa akiitamani saa kama ile, akidhani kifua kitamfunguka.

"Mama, Judith anatania. Unamjua."

"Wewe ulijua atasema hivyo."

Veronika aliiokota simu kitandani.

"Ulijua, Vero. Ndiyo maana ukaongeza sauti."

Tangu siku hiyo mama hakulalamikia chakula tena. Alikula alichopewa, akamaliza, akasema asante, kama mgeni aliyefikia nyumba ya watu. Jumamosi Veronika alishuka mjini, akatafuta kamba wa kwenye barafu, akawapika kwa nazi nzito. Akamwekea mama sahani mapajani, akaanza kummenyea.

"Acha tu," mama alisema. "Nina mikono."

Alikula wawili, akanawa. "Asante, mama," alimwambia binti yake.

Jumapili, baada ya misa, wanawake wa jumuiya walimzunguka nje ya kanisa. "Mama Judith, hebu turudie ile ya Pangani."

"Nilikuwa nimelala garini," alijibu. "Sikuona kitu."

Walipofika nyumbani aliomba ndoo ya maji bafuni. Veronika alipomfuata, kama kawaida, mama alimzuia kwa fimbo.

"Nitaoga mwenyewe. Nisije nikakunukia."

Akavuta mlango, akaweka komeo. Veronika alisimama nje na sabuni mkononi. Alisikia ndoo ikiburutwa sakafuni, kisha fimbo ikianguka, kisha pumzi za mtu anayejaribu kuinama na kushindwa.

"Mama, nikusaidie?"

"Nimeweza," mama alisema.