Kibao cha Ruhusa

Kibao chenyewe kilikuwa kipande cha mbao cha ukubwa wa kiganja, kimetobolewa juu na kutiwa kamba, kikaandikwa kwa rangi nyekundu, mwandiko wa ubaoni usio na kosa: RUHUSA YA KUTOKA. Kilining'inia kwenye msumari kando ya mlango wa jikoni. Mwenye nyumba alikuwa amestaafu ualimu mkuu miaka minne iliyopita, lakini shule ilikuwa bado haijamtoka. Fundi aliyebanwa na haja alitakiwa akitwae kibao, avuke geti, ateremke mtaa mzima mpaka kituo cha mafuta, aombe choo kule, kisha arudi akitundike. Mmoja mmoja, na dakika kumi tu. Mwalimu hakukisia. Alikuwa na saa ya mkononi, na aliitazama.

Mafundi walikuwa wawili, wote wanawake. Mkubwa wao alikuwa fundi wa vigae na mabafu, na watu walimwita Timazi, kwa jina la ile kamba yenye chuma mwishoni ambayo hupima kama ukuta umesimama wima. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake, na si kwa mapenzi matupu. Ukimwambia Timazi kwamba ukuta umenyooka ilhali umelala, ataubomoa mbele ya macho yako huku anaimba. Mdogo wao alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mwenye mimba ya miezi sita na mdomo usiojua likizo. Huyo alichanganya saruji na kubeba kifusi kwa ndoo.

Kazi ilikuwa kuvunja bafu kubwa la chumbani na kulijenga upya. Bafu la pili, dogo, lilikuwa kando ya sebule na lilifanya kazi vizuri. Mlango wake ulifungwa, ufunguo ukakaa mfuko wa shati la Mwalimu, na juu ya mlango ikabandikwa karatasi: CHOO HIKI NI CHA FAMILIA. Familia wakati huo ilikuwa Mwalimu peke yake. Mke wake alikuwa amelikimbia vumbi na kuhamia kwa binti yao.

Timazi alikuwa na maswali mawili ambayo aliyauliza kila nyumba kabla ya kuinua nyundo: kifusi kitakwenda wapi, na sisi tutakwenda wapi? Siku ya kwanza Mwalimu aliyajibu yote mawili kwa pumzi moja. Kifusi kitupwe kwenye mtaro nyuma ya ukuta. Wao waende kituo cha mafuta.

"Mtaroni sitii kifusi," Timazi alisema. "Mvua ikinyesha, maji yataingia kwa jirani."

"Jirani hajalalamika."

"Hajalalamika kwa sababu hatujatupa bado."

Basi kifusi kikarundikwa pembeni mwa uwanja kungoja lori, na Mwalimu akasema suala la lori atalifikiria. Kuhusu choo, Timazi alinyamaza. Alikuwa amekaa miezi miwili bila kazi, na kubishana mara mbili siku ya kwanza ni kumwaga unga kwa mikono yako mwenyewe. Alinyamaza, na aliona aibu kwa kunyamaza kwake.

Ugomvi wa pili ulikuwa wa maji ya saruji. Ukiosha ndoo na mwiko jioni, hubaki maji mazito ya kijivu. Timazi alitaka kuchimba kishimo pembeni, ayamwage humo, yakauke, kisha yaondoke na kifusi.

"Hutachimba uwanja wangu," Mwalimu alisema. "Yamwagwe chooni, yaende na maji mengine."

"Mimi simwagi saruji chooni, Mwalimu. Saruji haichagui pa kugandia."

"Fundi, nimefundisha sayansi miaka thelathini."

Tangu siku hiyo, kila jioni wanawake wale walipokuwa wanafunga vifaa vyao, Mwalimu alikunja suruali, akabeba ndoo kwa mikono yake mwenyewe mpaka kwenye kile choo chake cha familia, akamwaga, akavuta maji. Alitoka humo na uso wa mtu aliyeshinda mjadala.

Wiki ya pili, siku moja saa nane mchana, wifi alipanda ngazi ya mlango na ndoo ya kifusi kichwani, akayumba. Timazi alimdaka mkono. Ndoo ilianguka ikamwaga vipande vya vigae uwanjani. Alimketisha juu ya tofali, akaitazama chupa ya maji iliyokuwa karibu na mfuko wake. Ilikuwa imejaa mpaka shingoni.

"Umekunywa maji saa ngapi?"

"Jana," wifi alijibu, akijitahidi kucheka.

"Usinitanie."

"Wifi, nikinywa nitakwenda. Nikienda, kule ni kuteremka, kurudi ni mlima. Na tumbo hili! Hizo dakika zake kumi zinaniishia nikiwa bado nateremka. Jana kanisimamia getini ananionyesha saa, utadhani mimi ni mtoto aliyeiba chaki. Nikaona bora nijikaze."

Timazi alijua mwisho wa kujikaza. Miaka sita nyuma, kwenye jengo la ghorofa ambako wanaume thelathini walijisaidia ukutani na yeye hakuwa na ukuta, alijikaza mwezi mzima. Alilala kitandani wiki tatu, homa juu, mgongo ukimkata upande wa figo. Daktari alimuuliza, "Kazini kwenu hakuna choo?" naye akatazama sakafu, kana kwamba kosa lilikuwa lake. Wakati ule aliumia peke yake. Wifi alikuwa amebeba mtu mwingine ndani.

Hasira ilimpanda, na wa kwanza kumkasirikia alikuwa yeye mwenyewe. Ni yeye aliyeuliza swali siku ya kwanza na kulikubali jibu bovu.

"Kunywa," alisema. "Kunywa chupa yote. Mpaka uimalize hiyo utakuwa na choo."

Mwalimu alikuwa amekwenda kwenye mkutano wa wastaafu. Timazi aliuendea ule mrundo wa kifusi. Juu yake lilikaa sinki la zamani la choo, ambalo mafundi wengi wangelipasua kwa nyundo moja, lakini yeye alikuwa amelibandua kwa patasi na subira, halina hata ufa. Palikuwa na mlango wa zamani wa bafu, nguzo nne za mbao na mabati matatu. Na kule pembeni, karibu na maua, palikuwa na shimo la majitaka lenye tundu ambalo lori hunyonyea likijaa. Aliondoa kifuniko, akashusha kipande cha bomba, akalikalisha sinki juu yake kwa saruji inayokauka haraka. Akasimamisha nguzo. Akazipima kwa timazi, zote nne, kwa kuwa hata choo cha siku chache hakuwa tayari kukijenga kimepinda. Pembeni akaweka pipa la maji na kopo. Wifi ndiye aliyekizindua, na alitoka humo anapiga vigelegele.

Saa kumi na moja Mwalimu alirudi, akakikuta kimesimama mbele ya dirisha la sebule yake.

"Nani amekupa ruhusa?"

"Kibofu cha wifi yangu."

"Fundi, usinivunjie heshima. Hiyo takataka iondoke sasa hivi, ama mwondoke nyinyi."

Timazi hakupandisha sauti. "Hakiondoki, Mwalimu. Ukitaka kivunjwe, nyundo ile pale, kivunje wewe. Mimi sibomoi kitu kilichosimama wima."

"Kesho naleta fundi mwingine."

"Mlete. Ila mwambie kabisa aje amekwisha kujisaidia kwao."

Njiani kurudi nyumbani wifi aliuliza, "Wifi, tumefukuzwa?" Timazi alijibu kwamba hajui, na kwamba kesho watakwenda vilevile, saa ileile.

Fundi mwingine alikuja kweli. Alikuwa mwanaume mnene mwenye begi la vifaa na hatua za pole. Alilikagua bafu, akagonga ukuta, akatikisa kichwa kukubali kazi iliyokwishafanyika. Kisha akamuuliza Mwalimu choo cha mafundi kiko wapi. Mwalimu akamkabidhi kibao. Yule bwana alikigeuza mbele na nyuma, akitafuta labda kuna kingine kimeandikwa huko.

"Hiki ndicho choo?"

"Hiyo ni ruhusa."

Fundi alikitundika kibao msumarini taratibu, akauvuka uwanja, akaingia kwenye choo cha mabati, akakaa humo muda wake. Alipotoka alinawa mikono, akausukuma mlango kwa kidole kuona kama unarudi wenyewe. Ulirudi.

"Kakijenga nani?"

"Mimi," Timazi alisema.

"Basi kazi ni yako, dada." Akachukua begi lake akaondoka.

Mwalimu hakuwaambia waendelee, na hakuwaambia waondoke. Waliendelea. Yeye alifunga pazia la sebule asikione kile choo, akawa hasemi na mtu. Jioni aliendelea kubeba ndoo yake ya maji ya saruji kuipeleka ndani, ameshikilia msimamo mpaka mwisho.

Siku ya nne baada ya fundi yule kuondoka, walipofika asubuhi, harufu iliwapokea getini. Mwalimu alikuwa mlangoni, miguu peku, suruali imelowa mpaka magotini. Zulia la sebule lilikuwa limetolewa nje limekunjwa.

"Fundi," alisema.

Timazi aliingia na waya mrefu wa chuma, akauteremsha kwenye bomba la choo cha familia. Uligonga kitu kigumu. Aliuzungusha, akausukuma, ukagonga tena palepale.

"Saruji imegandia kwenye kona ya bomba," alisema. "Hapa ni kuvunja sakafu. Siku tatu."

Mwalimu aliitazama ile ndoo. Timazi aliyameza maneno aliyokuwa nayo, kwa tabu kubwa. Wifi hakuwa na desturi ya kumeza.

"Sayansi, Mwalimu," alisema, akapita na ndoo yake.

Mwalimu alivumilia mpaka saa tano. Walimwona akienda getini, akiutazama ule mtaa unaoteremka mpaka kituo cha mafuta. Goti lake moja lilikuwa bovu. Akarudi. Akaingia jikoni. Alipotoka, kibao kilikuwa mkononi mwake, kamba ameizungusha kidoleni, na alikuja nacho moja kwa moja mpaka mbele ya Timazi, aliyekuwa anakata kigae.

"Fundi," alisema. "Naomba ruhusa."

Muda wote huo Timazi alikuwa ametamani kumwonyesha mzee huyu saa. Alikitwaa kibao, akausoma ule mwandiko mzuri, kisha akakitupa juu ya kifusi.

"Hapa haombi mtu ruhusa, Mwalimu. Wala wewe. Lakini nisikilize. Ile karatasi ya mlangoni utaibandua mwenyewe. Lori la kifusi linakuja kesho, nimekwisha kuliita. Na choo hiki kinabaki mpaka kigae cha mwisho."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa utaingia vilevile. Choo si kitu cha kumnyima mtu. Ila sisi tutafunga vifaa vyetu, na wewe utabaki na mabafu mawili mabovu."

Mwalimu alikitazama kibao juu ya kifusi.

"Sawa," alisema, kwa sauti ndogo.

Akauvuka uwanja kwa hatua fupi fupi, akaunyoosha mkono kwenye ule mlango wa zamani wa bafu lake.

"Kuna mtu!" sauti ya wifi ikatoka ndani. Karibu na pipa ilisimama chupa yake ya maji, tupu.

Mwalimu aliinua mkono wa kushoto, kwa mazoea, akaitazama saa. Kisha akageuka akamwona Timazi, amesimama na kigae mkononi, anamwangalia. Akashusha mkono wa shati mpaka ukaifunika saa, akasubiri.